Bustani ya Vilivyotupwa: Mwongozo kwa Mtu Anayejenga Peke Yake

Mwongozo huu ni wako ikiwa una kiwanja kidogo, una kazi nyingine inayokupa riziki, hukusomea ujenzi wala sanaa, na bado unatamani kutengeneza kitu kikubwa kwa mikono yako mwenyewe: ua wenye sanamu, ukuta wa vigae vya rangi, kibanda cha chupa, au bustani ambayo mpita njia akiiona atasimama.

Watu kama wewe wamekwisha kufanya hivyo. Ferdinand Cheval alikuwa mpeleka barua kijijini Hauterives, Ufaransa, na kwa miaka 33 alijenga kasri la mawe lenye urefu wa mita 26. Nek Chand alikuwa msimamizi wa barabara mjini Chandigarh, India, na alijaza bonde zima sanamu za vigae na bangili zilizovunjika. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia, alisimamisha minara ya chuma na saruji katika mtaa wa Watts, Los Angeles, mrefu kuliko yote ukiwa na mita 30 hivi. Helen Martins, katika kijiji cha Nieu-Bethesda, Afrika Kusini, aligeuza nyumba ya wazazi wake kuwa mahali pa mwanga, bundi na ngamia wa saruji.

Ukiziweka kazi zao pamoja, mambo mawili yanajirudia. Kila moja ilianzishwa na mtu aliyefanya kidogo kila siku kwa miaka mingi, na kila iliyobaki hadi leo imebaki kwa sababu watu wengine waliitetea au kuitunza. Ndiyo maana mwongozo huu unakutaka upange yote mawili tangu mwanzo: kazi ya mkono wako, na nafasi ya mikono ya wenzako.

1. Tafuta malighafi kwenye njia unayopita kila siku

Anayeanza huwa na picha kubwa kichwani, kisha huanza kutafuta pesa za kuinunulia vifaa. Wajenzi hawa walianza na kile kilichokuwa njiani mwao. Mwezi Aprili 1879 Cheval alijikwaa kwenye jiwe lenye umbo la ajabu akiwa kazini, akalitia mfukoni. Alipoona mengine, akaendelea kuyaokota. Mifuko ilipochanika akahamia kwenye kikapu, halafu toroli: mchana aliyakusanya mawe kandokando ya njia ya barua, jioni akarudi kuyabeba. Nek Chand alifanya kazi katika mji mpya uliojengwa mahali vilipobomolewa vijiji zaidi ya ishirini. Vifusi vya vijiji hivyo vilikuwa vimemzunguka, naye alivisomba kwa baiskeli. Raymond Isidore, mfanyakazi wa makaburini mjini Chartres, Ufaransa, aliokota vipande vya sahani na vikombe mashambani na jalalani mpaka akaivisha nyumba yake yote, kuta, sakafu, hata samani.

Kwa wiki mbili, tembea na daftari. Andika kila kinachotupwa kwenye njia yako ya kwenda kazini, sokoni na msikitini au kanisani: vipande vya marumaru nje ya duka la vifaa vya ujenzi, sahani na vikombe vilivyovunjika kwa mama lishe, minyororo na fremu kwa fundi baiskeli, mabaki ya vioo kwa fundi madirisha, vifusi vya nyumba inayobomolewa. Kisha chagua kitu kimoja kiwe malighafi yako kuu. Kipime hivi:

- Je, kinapatikana kila wiki, mwaka mzima?
- Je, hakiozi, hakipauki na hakiliwi na mchwa?
- Je, unaweza kukibeba na kukihifadhi peke yako?

Kinachojibu ndiyo mara tatu kinakutosha kwa miaka. Usichanganye vitu kumi mwanzoni. Malighafi moja ikiwa nyingi huipa bustani sura yake, na mkono wako unaizoea haraka.

Omba ruhusa kabla ya kuchukua, na jua kwamba taka zina wenyewe. Chupa za plastiki na vyuma chakavu ni chakula cha watu wanaoviokota na kuviuza kwa kilo. Ukivihitaji, vinunue kwao. Marumaru na vyombo vilivyovunjika havina mnunuzi, ndiyo maana ni mwanzo mzuri.

Viko vitu vya kuacha hata ukipewa bure. Mapaa ya zamani ya asbesto hayakatwi wala hayavunjwi, kwa sababu vumbi lake huua mapafu taratibu. Acha betri za magari, mapipa yaliyokuwa na dawa za mimea, na mbao zilizopakwa oili chafu. Usichimbe matumbawe baharini wala kukusanya kombe na kome walio hai. Ukitaka makombe, yapo mengi kwenye majiko ya wanaopika chaza.

2. Ardhi kabla ya saruji

Nek Chand alianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa siri, ndani ya msitu wa serikali ambako ujenzi ulikatazwa. Mamlaka zilipoigundua kazi yake katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imefika ekari 12 na ilistahili kubomolewa kisheria. Wananchi waliipenda, serikali ikaifungua kwa umma mwaka 1976, ikampa mshahara na vibarua 50 aendelee. Bahati hiyo usiitegemee. Nukain Mabuza, kibarua wa shamba karibu na Barberton, Afrika Kusini, alipaka rangi mawe ya kilima kwa michirizi na nukta za kupendeza mno, lakini ardhi haikuwa yake. Alipoondoka hakukuwa na wa kurudia rangi, na mawe yakapauka. Hata Rodia, aliyejenga kwenye kiwanja alichonunua, aliacha nyuma kazi isiyo na vibali, na mwaka 1957 jiji likaamuru minara ibomolewe.

Kwa hiyo fanya haya kabla ya kununua mfuko wa kwanza:

- Kama kiwanja ni cha urithi, kaa na ndugu zako, mkubaliane kwa maandishi ni sehemu gani utaitumia. Ugomvi wa mirathi hubomoa haraka kuliko mvua.
- Fahamu mpaka wa hifadhi ya barabara. Waliowahi kuamka na kukuta alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani wanajua gharama ya kutouliza.
- Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kila nchi ina mipaka yake, ulizia yenu.
- Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha halmashauri, au ofisi ya kaunti ukiwa Kenya. Eleza unachotaka kujenga na uulize kipi kinahitaji kibali cha ujenzi. Kibanda cha kuingia watu na ukuta mrefu kwa kawaida vinahitaji.
- Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi, ukionyesha mfuniko wa shimo la choo, bomba la maji, nguzo na nyaya za umeme, na njia ya kupitisha toroli. Usijenge juu ya vitu hivyo wala usivizibe.

3. Kazi ya kwanza iwe baraza

Usianze na mnara. Mwanzo wa ngoma ni lele, na mwanzo wa bustani hii uwe baraza: benchi ya kujengwa, nje ya nyumba, karibu na njia. Ukijenga baraza utajifunza msingi, mota, lipu na kuvisha vigae kwa kitu kisichozidi magoti, ambacho kikipasuka hakimwumizi mtu. Zaidi ya hapo, unawapa majirani mahali pa kukaa na kukutazama ukifanya kazi. Umuhimu wa hilo utauona mbele.

Kama una fundi mwashi mtaani, mlipe kwa siku moja akufundishe mkono wa mwiko. Ukifika Nairobi, tenga siku uende Kitengela, pembezoni mwa hifadhi ya taifa, ambako msanii Nani Croze na wenzake wamejenga makuba, njia na sanamu kwa saruji, vioo vilivyorejelezwa na vigae. Tazama pembe, kingo na mahali maji yanapopita, kwa sababu huko ndiko ufundi unakoonekana.

Hatua za baraza ni hizi:

1. Chimba msingi wa kina cha sentimita 30 hivi, mpaka ufike udongo mgumu. Ukiwa kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, uondoe wote ulio laini, ujaze kifusi na kukishindilia tabaka kwa tabaka. Udongo huo umepasua kuta nyingi.
2. Mwaga zege la saruji ndoo 1, mchanga 3 na kokoto 6, unene wa sentimita 10 hadi 15.
3. Jenga mwili kwa mawe au vipande vya matofali, kwa mota ya saruji 1 na mchanga 4. Kimo cha kukalia ni sentimita 45 hivi, upana sentimita 40 hadi 50. Tumia pima maji na timazi hata kama unapenda mistari iliyopinda. Pindisha kwa kutaka, usipindishe kwa kukosea.
4. Upe uso wa juu mteremko mdogo kuelekea mbele ili maji yasitulie.
5. Piga lipu na uikwaruze ikiwa mbichi, ili tabaka la vigae lishike.
6. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, ukifunika kwa magunia yaliyoloana. Saruji hupata nguvu kwa kuwa na unyevu. Ikikaushwa na jua la saa sita hubaki unga.

Mchanga usiwe wa baharini, kwa sababu chumvi yake huozesha chuma na kutoa madoa meupe. Kuupima mchanga wa mto au machimbo, tia kwenye chupa nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uache usiku kucha. Tope likitulia juu ya mchanga kwa unene unaozidi sehemu moja ya kumi, tafuta mchanga mwingine au uuoshe. Changanya mota kiasi cha kutumia ndani ya saa moja tu. Ikianza kukaza, usiiongezee maji kuifufua. Iache.

4. Kuvisha kwa vigae, sahani na chupa

Mtu wa pwani asidhani kwamba kazi hii ni ngeni kwake. Nenda Kunduchi, Kaole au Mambrui uyatazame makaburi ya kale yenye nguzo. Mafundi wake walichopeka bakuli na sahani za kauri kutoka ng'ambo ndani ya lipu ya chokaa, na alama zake bado zinaonekana karne nyingi baadaye. Wewe unaendeleza ufundi wa nyumbani kwenu.

Kauri ina faida kubwa kuliko rangi ya kopo: rangi yake imechomwa tanuruni, jua haliiondoi. Nyumba ya Isidore, aliyoanza kuivisha mwaka 1938 hivi, bado inang'aa. Tumia rangi ya kupaka pale tu ambapo uko tayari kuipaka upya kila baada ya misimu michache.

Fanya hivi:

- Panga vipande kwa rangi kwenye ndoo tofauti. Kazi ya kupanga inachosha, lakini ndiyo itakayokuonyesha una bluu kiasi gani na nyekundu kiasi gani kabla hujachora ua.
- Vunja vipande vikubwa ndani ya gunia lililokunjwa, kwa nyundo, ili visiruke.
- Loweka vipande vinavyonyonya maji kabla ya kuvibandika, visije vikainyang'anya mota unyevu.
- Paka mota laini ya unene wa sentimita 1.5 hivi kwenye eneo unaloweza kulimaliza kwa nusu saa. Kandamiza kila kipande mpaka mota ipande kidogo kando yake. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya vipande.
- Futa kwa sponji yenye unyevu kabla saruji haijakauka juu ya kauri. Siku ya pili jaza mianya na ufute tena.
- Mahali pa kukalia, kushika au kufikiwa na mtoto, sugua kingo zote kwa jiwe la kunolea mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Chupa za kioo zinapitisha mwanga vizuri sana, na Tressa Prisbrey wa Simi Valley, California, alijenga kwazo kijiji kizima cha vibanda kuanzia mwaka 1956, akiwa na miaka 60. Lakini tetemeko la mwaka 1994 liliharibu vibaya kazi yake. Jifunze kwake: chupa ziwe za kujaza ukuta, mzigo ubebwe na nguzo za zege zenye nondo na mkanda wa juu unaoziunganisha. Zioshe chupa, zikaushe kabisa, uzizibe midomo. Zilaze huku ukiacha mota ya sentimita 2 hadi 3 kila upande. Kioo hakinyonyi maji, hivyo mota hukaza polepole: jenga mistari mitatu au minne kwa siku, kisha ngoja. Ukiharakisha, ukuta utateleza.

5. Sanamu na vitu virefu

Sanamu ya saruji inahitaji mifupa. Nek Chand alitumia baiskeli kuukuu, tandiko likawa kichwa cha mnyama na uma wa mbele ukawa miguu. Wewe tumia nondo nyembamba, mabomba au fremu. Funga kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, kisha izungushie wavu wa kuku tabaka mbili au tatu, ukikaza mpaka umbo lionekane hata kabla ya saruji. Pigia mota nzito ya saruji 1 kwa mchanga 2, ukiisukuma ipite ndani ya wavu isiache pango. Mara ya kwanza paka tabaka la kushika, siku inayofuata tabaka la umbo. Vigae huja mwisho.

Sheria ambayo haina msamaha ni kwamba chuma chote kifunikwe, sentimita moja na nusu au zaidi, hasa ukiwa karibu na bahari. Hewa ya chumvi ikikipata chuma, kutu hufura na kuipasua saruji kutoka ndani. Kila mwaka baada ya mvua za masika, zunguka sanamu zako zote ukitafuta nyufa na madoa ya kahawia, uyazibe mapema.

Kuhusu kimo, kuwa mkali kwa nafsi yako. Chochote kitakachozidi urefu wako, au ambacho watu watapita chini yake, mwonyeshe fundi mzoefu au mhandisi kabla ya kuendelea. Rodia alikuwa na miaka mingi ya kazi za ujenzi na marumaru mikononi kabla ya kuanza minara yake mwaka 1921, na hata hivyo ilibidi ipimwe. Oktoba 1959 wahandisi waliuvuta mnara mmoja kwa nguvu ya zaidi ya tani nne. Kreni ndiyo iliyoshindwa, mnara ukabaki, na amri ya kubomoa ikafutwa. Mnara ulistahimili kwa sababu kila kiungo kilifungwa kwa waya, kikazungushiwa wavu na kufunikwa kwa saruji kwa uangalifu uleule, chini hadi juu.

6. Mimea na maji

Bustani ya aina hii si saruji tupu. Pearl Fryar, mfanyakazi wa kiwanda katika mji wa Bishopville, Carolina Kusini, Marekani, alianza kwa miche iliyotupwa na kitalu kimoja. Bila mafunzo aliikata ikawa maumbo ambayo watu husafiri mbali kwenda kuyaona. Nenda kitalu cha jirani ukaulize miche iliyodumaa inakwenda wapi. Kwa bogenvilia, mkasi na subira, utapata tao na ukuta. Sehemu zenye jua kali panda katani na shubiri. Karibu na baraza weka asumini, mkadi au rehani, ili anayeketi jioni apate na harufu. Miti yenye mizizi mikubwa kama mwembe na mwarobaini iweke mbali na misingi.

Panga maji yatakakokwenda kabla ya kupanga mahali pa kitu chochote. Mvua ya masika ikishuka, tembea kiwanjani ukiwa umeshika fimbo, uchore njia zake ardhini. Njia hizo uziachie maji.

Jambo jingine ni la afya ya mtaa mzima. Matairi, chupa zilizo wazi, bakuli na masinki ya mapambo hukusanya maji, na mbu aenezaye homa ya dengue anapenda maji machache masafi kama hayo. Dar es Salaam na Mombasa zimeshaionja homa hiyo. Toboa kila tairi chini, ziba kila chupa, geuza kila bakuli, na chunguza bustani kila wiki wakati wa mvua.

7. Linda mwili wako

Helen Martins alisaga vioo vya rangi na kuvibandika kwenye kuta na dari ili nyumba imeremete kwa mwanga wa taa. Miaka ya kazi hiyo ilimharibia macho, na kwa mtu aliyependa mwanga kiasi kile hakuna hasara kubwa kuliko hiyo. Miwani ya kinga ni bei ya chakula cha siku moja. Nunua kabla ya mwiko.

Vaa glavu, kwa sababu saruji mbichi huchoma ngozi taratibu bila wewe kuhisi, na chokaa ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Vaa barakoa unapochanganya saruji kavu au kukata vigae, na loweka vigae kwanza ili vumbi lipungue. Vaa viatu vya kufunika vidole. Weka ndoo ya maji safi karibu kila unapofanya kazi. Fanya saa moja au mbili kwa siku, asubuhi au jioni. Kazi ya miaka hujengwa na mwili unaoweza kurudi kesho.

8. Majirani, watoto na msaidizi wako

Watu watauliza kama una akili timamu. Wengi waliotajwa hapa waliulizwa hivyo. Usiwakimbie na usijenge kwa kujificha. Waeleze, waonyeshe mchoro, waombe vyombo vilivyovunjika. Mwanamke aliyekupa kipande cha sahani ya harusi yake atapita kila siku kukitafuta ukutani, na siku ukipata shida atakuwa upande wako. Fryar alianza kukata miti yake kwa sababu alitaka kupata tuzo ya ua nadhifu wa mwezi mtaani kwake, mahali ambapo baadhi ya wakazi walikuwa na shaka kama mtu mweusi atatunza uwanja. Mtaa uleule ulikuja kumwonea fahari.

Watoto watakuja kwanza. Wape kazi ya kupanga vipande kwa rangi, mbali na nyundo na saruji, na waruhusu waweke alama zao mahali fulani.

Ukipata msaidizi, mlipe kwa haki na utaje jina lake. Sanamu nyingi kati ya zaidi ya 300 za Nieu-Bethesda zilifinyangwa na Koos Malgas, aliyefanya kazi na Helen Martins kwa miaka 12. Mikono yake ndiyo iliyogeuza mawazo ya mwenzake kuwa bundi na ngamia. Baada ya Helen kufariki mwaka 1976, Malgas alirudi baadaye kuzikarabati. Chonga jina la kila anayekusaidia kwenye saruji ingali mbichi, pamoja na mwaka.

9. Kumbukumbu na mrithi wa kazi

Mwaka 1955 Rodia alimpa jirani kiwanja chake, akahama mji. Nyumba yake ikaungua, minara ikakosa wa kuitunza, na ingekwisha kama watu wawili wasingeinunua mwaka 1959 kwa dola 3,000 na kuunda kamati ya kuitetea. Kasri la Cheval lilitambuliwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1969 kwa juhudi za André Malraux, aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, miaka 45 baada ya mjenzi kufa. Tingatinga zilipopelekwa kubomoa sehemu ya bustani ya Nek Chand, wakazi wa Chandigarh walishikana mikono mbele yazo. Na Justo Gallego, aliyejenga kanisa kubwa karibu na Madrid tangu mwaka 1961 bila ramani rasmi wala kibali, alilikabidhi kwa shirika la hisani mwaka 2021, mwaka uleule aliofariki akiwa na umri wa miaka 96. Alichelewa, lakini aliwahi.

Usiiache kazi yako isubiri bahati. Weka faili moja nyumbani lenye vitu hivi:

- Nakala ya hati au makubaliano ya ardhi, na vibali.
- Ramani inayoonyesha misingi, mabomba na nondo ziliko.
- Vipimo vya mchanganyiko uliotumia kwenye kila sehemu, na mahali ulipopata malighafi.
- Picha za kila hatua, hasa za mifupa ya chuma kabla haijafunikwa. Simu ya kawaida inatosha, lakini chapisha chache kwenye karatasi.
- Maelezo yako mwenyewe, kwa mkono, ya kila sanamu ni nani au ni nini, na kwa nini ipo. Kazi isiyo na maelezo watu huiita takataka mara mwenyewe akiondoka.
- Wosia unaosema nani ataitunza, na kama itafunguliwa kwa wageni, mapato yaende wapi.

Faili hilo nalo halitoshi bila mtu. Katika kila mtaa yuko kijana anayesimama kwenye ua wako kwa muda mrefu kuliko wengine, anayeuliza saruji imechanganywa vipi. Mwite ndani. Mfundishe kupima mchanga, kupiga lipu, kuziba ufa. Mwachie kona moja ya bustani ajenge chake, kwa mawazo yake, hata kama hupendi rangi alizochagua. Kisha andika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, chini ya lako, na umwambie kwamba umeliandika.